Oili ya pikapu yangu inapanda badala ya kushuka, na taa ya chujio la moshi haizimi. Nikate, nisafishe au niuze?

MamaParachichi_Njombe

Habari zenu ndugu zangu. Mnivumilie, maelezo ni marefu.

Mwaka jana nilijibana misimu miwili ya parachichi nikanunua pikapu ya milango minne, dizeli lita 2.4, toleo la 2017, imetoka Uingereza ikiwa na maili 71,000. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, ninachotaka ni kuujua ugonjwa. Kabla yake nilikuwa nakodi gari kila mavuno, na siku ambayo matunda yameshakatwa ndiyo siku mwenye gari ananiambia "leo halipo". Kwa hiyo gari hili kwangu si la kutembelea. Ndilo shamba lenyewe.

Kazi yake ni kutoka nyumbani kwenda shamba upande wa Uwemba na kurudi, siku nyingine mara nne. Barabara ya vumbi, gia ya pili na ya tatu. Tukipakia kreti naliacha linaunguruma, maana Juni na Julai baridi ya huku mnaijua, nikaona bora injini isipoe.

Ilianza na feni. Nikizima gari, feni inaendelea kuvuma dakika kadhaa, na kuna harufu ya kitu kinachoungua. Nikajua linachemsha. Nikabadilishiwa thermostati kwa shilingi 180,000, hali ikabaki vilevile. Baadaye ikawaka taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya bomba na vidoti ndani. Fundi akaifuta kwa mashine, siku ya tisa ikarudi. Sasa gari likibeba mzigo na kukuta mlima halivuti, mshale wa mizunguko ya injini hauvuki 2,500 hata nikanyage mpaka chini. Wiki iliyopita lori la mbao limenipita mlimani.

Kinachoninyima usingizi ni oili. Magari yote niliyowahi kuyajua oili hupungua, langu inapanda. Siku ya kubadilisha ilikuwa kwenye alama ya juu kabisa. Baada ya wiki sita iko upana wa kidole juu ya alama, nyepesi kama maji, inanuka dizeli. Fundi akasema kijana wake alizidisha, akapunguza lita moja. Imepanda tena.

Fundi wa pili anasema tulikate hilo chujio na kulizima kwenye kompyuta, 1,200,000, linaingia asubuhi jioni linatoka. Shemeji yangu anasema niuze, nitafute ya mwaka 97 kama ya jirani yetu, isiyo na kompyuta hata moja. Aliyepitia haya aniambie. Na hiyo oili inatoka wapi?

FundiDizeli_Uyole

Dada, kwanza kabisa usiliwashe hilo gari mpaka oili hiyo imwagwe. Hiyo si oili tena, ni oili na dizeli. Haina uwezo wa kutenganisha chuma na chuma. Ukipanda nayo mlima na mzigo, metali za kranki (vibati laini vinavyoshika mhimili wa injini) zinaliwa, na hapo hatutaongelea laki tena. Ikizidi sana injini inaweza kuinyonya na kuiunguza yenyewe, ikapanda mizunguko hata funguo ukiwa umeutoa. Nimeliona hilo mara moja tu maishani na sitaki kuliona tena.

Sasa inatoka wapi. Kwenye bomba la moshi kuna chujio, sisi tunaliita DPF. Ndani lina vitundu kama sega la nyuki, linashika masizi. Likikaribia kujaa, kompyuta inaamuru injekta zimwage dizeli kidogo ya ziada wakati moto wa silinda umeshapita. Dizeli hiyo inakwenda kuungulia mbele ya chujio, joto linafika kama nyuzi 600, masizi yanateketea. Kazi hiyo inahitaji injini yenye moto na gari linalotembea, dakika 10 mpaka 25 bila kuzima. Feni uliyokuwa unaisikia na ile harufu ndiyo hiyo kazi. Gari lilikuwa linajisafisha, wewe umeshafika shambani, unazima. Safari ya kurudi linaanza upya, unafika nyumbani, unazima. Kila likianza, sehemu ya ile dizeli inateleza ukutani mwa silinda, inapita ringi, inashuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana inapanda. (Kuna injini zenye injekta ya tano iliyofungwa kwenye bomba la moshi, hizo hazina tabia hii. Kwa maelezo yako, lako si la aina hiyo.)

Na kule kuliacha linaunguruma mkipakia ndiko kunakolijaza masizi kuliko kitu kingine. Dizeli ikiunguruma bure haipati moto wa kutosha. Zima, dada. Hata kwenye baridi, zima.

Fanya hivi. Mwaga oili, badilisha na filta yake. Omba oili ya majivu kidogo, kwenye kopo tafuta ACEA C3 au JASO DL-1 kufuatana na kitabu cha gari. Oili ya lori ya kawaida ina majivu mengi, na majivu hayaungui kama masizi, yanabaki humo milele. Kisha mwambie fundi aangalie vimirija viwili vya mpira vinavyotoka kwenye chujio kwenda kwenye sensa ya presha. Vikipasuka au kuziba, kompyuta inadanganywa: chujio lisilo na tatizo inaambiwa limejaa. Ni mpira wa bei ndogo sana na nimekuta watu wameshakatiwa chujio kwa sababu yake. Apime pia sensa ya joto, na valvu ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Hapo ndipo aamuru kujisafisha kwa mashine, gari likiwa kwenye sakafu ya zege au changarawe, kamwe si juu ya nyasi kavu. Bomba linapata moto wa kuchoma shamba.

Baada ya hapo, mara moja kwa wiki litoe kwenye lami. Njombe mpaka Makambako ni kama kilomita 60, inatosha kabisa. Shika gia ya nne, mshale ucheze 2,000 mpaka 2,500, usisimame.

Kitonga_2008

Dada, mimi nakujibu hilo la kurudi kwa ya zamani. Yangu ilikuwa ya 2008, lita 3, haina chujio lolote. Chini ya injekta kuna washa za shaba, yaani pete ndogo za kuzibia. Zikichoka, moshi wa silinda unapenya juu kwenye kava la valvu, oili inageuka lami, masizi yanaziba chekecheo la pampu ya oili chini kwenye sampu. Taa ya oili iliwaka mara moja nikiwa katikati ya Mlima Kitonga na tani ya saruji nyuma. Nikasema nitafute pa kuegesha salama. Kabla sijapapata injini ikashika. Ukarabati ulinila milioni sita na miezi miwili bila kazi. Washa zote nne ningezibadilisha kwa hela ndogo kama mtu angeniambia mapema.

Ya mwaka 97 ya jirani yako naamini ni nzima. Lakini muulize akiwa na kilo 800 anapanda na gia ya ngapi, na chesisi ameichomelea mara ngapi.

Mnyalukolo_Perth

Salamu kutoka Australia ndugu zangu. Naongeza kitu ambacho ni kumbukumbu ya mahakama, si maneno ya kijiweni. Huku wenye magari waliishtaki Toyota kwa ajili ya hili chujio, kwenye Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, magari zaidi ya 260,000. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ikaamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro, na kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, iliyotoa hukumu Novemba 2024.

Kwa nini nakuambia? Kwa sababu kule kasoro ilijitokeza kwa watu waliokuwa wanakwenda mwendo wa barabara kuu, kama 100 kwa saa, muda mrefu. Yaani ule ushauri wa "litoe kwenye lami" haukuwaponya wote. Mwaka 2018 zilianza kuwekewa swichi ya dereva kuamuru usafishaji mwenyewe, na marekebisho mengine yakafuata 2020. Fundi wa Uyole amesema kweli kwa safari fupi kama zako. Ila likirudi kuwasha taa hata baada ya safari ndefu, usijilaumu kwamba huendeshi vizuri. Tafuta kama toleo lako lina maboresho ya programu ya kiwanda.

DobiKebini_Makambako

Mimi nilikata. Nilifurahi miezi mitatu, gari lilivuta kama jipya. Kumbe waliingiza programu ya gari jingine. Likaanza kunywa dizeli, moshi mweusi kila nikikanyaga, turbo ikafa. Kurudisha kompyuta ilivyokuwa sijapata wa kunisaidia mpaka leo, na chujio langu la awali walishaondoka nalo, ndani yake kuna madini ya thamani. Watoto wangu hupanda nyuma kwenda shule. Jioni nikiwaogesha, kitambaa kinatoka cheusi. Usikate dada.

Jembe_Songea

Tatizo si dizeli yetu hii?

FundiDizeli_Uyole

@Jembe_Songea Sehemu, ndiyo, lakini si kama zamani. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana salfa isizidi 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni. Ulaya ni 10. Dizeli ya kituo kinachoeleweka chujio linaihimili. Ya kwenye madumu barabarani haihimiliki, hata injekta hazitaki.

MamaParachichi_Njombe

Shikamoo mzee wa Uyole, na wote mlionijibu asanteni sana. Naleta mrejesho.

Oili imemwagwa. Iliyowekwa ilikuwa lita 6.5, iliyotoka karibu 8. Fundi wangu mwenyewe alinyamaza akaitazama ile ndoo. Vimirija vya presha: kimoja kina ufa upande wa chini, hauonekani mpaka ukipinde. Tumeweka mpira mpya unaostahimili joto na vibano viwili, jumla 25,000. Usafishaji wa mashine ulikataa mara ya kwanza, ukakubali mara ya pili, ukachukua dakika 22, tulikuwa kwenye zege nyuma ya gereji na ndoo mbili za maji pembeni.

Jumatano nikaenda Makambako na kurudi, nimebeba kreti 20 tu. Mlima uliokuwa unanishinda nimeupanda na gia ya nne. Nililia kidogo, nasema ukweli, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumtafuta mnunuzi.

Sikati. Ndugu wa Makambako, maneno yako ya watoto yamenikaa. Kuuza pia nimesitisha, na shemeji nimemsomea ya Kitonga neno kwa neno. Mpango sasa ni kuzima tukipakia, safari za shambani kuziunganisha mbili badala ya nne, na mzigo wa Makambako kuupeleka mwenyewe kila wiki badala ya kumpa dalali.

Swali moja limebaki kwa mzee. Kijiti nimekichonga alama na msumari pale oili ilipo leo. Nimepima siku ya nne, bado iko palepale. Ikifika milimita ngapi juu ya alama ndipo nimwage bila kusubiri kilomita 5,000 za kubadilisha oili?

FundiDizeli_Uyole

Marahaba mwanangu. Ukiona imevuka alama ya juu ya kiwanda, mwaga siku hiyohiyo, milimita usihesabu. Pima asubuhi gari likiwa limelala, mahali tambarare, pale pale kila mara. Na ule ufa kwenye mpira, upige picha uuweke hapa, wengine wauone.