Tupeane uzoefu: sehemu ya Mji Mkongwe, Zanzibar, uliyoipita miaka nenda rudi, ukaja kuingia siku ulipopata mgeni

Binti Kisiwandui

Assalaam alaykum nyote. Naanza mimi, maana kosa ni langu.

Nimezaliwa Kisiwandui, nimesoma mjini, sokoni Darajani nakwenda mara tatu kwa wiki. Kutoka hapo Darajani hadi kanisa la Mkunazini si mwendo, hata kama una kapu la muhogo mkononi. Nina miaka 38 na nimeingia pale kwa mara ya kwanza mwezi uliopita.

Wifi yangu alikuja kutoka Morogoro. Siku ya pili asubuhi, chai hajaimaliza, ananiambia: "Wifi, nipeleke pale palipokuwa na soko la watumwa." Nikavaa buibui nikatoka mbele kama mwenyeji kweli. Kufika mlangoni, kijana anayetembeza wageni akaniuliza kwa Kiingereza natoka nchi gani. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta.

Kicheko kiliishia ngazini. Unateremka kwenye vyumba vya chini, dari ya kuinamia, mtu mzima husimami ukanyooka. Pande mbili kuna majukwaa ya mawe, katikati pamechimbika kama mfereji, na mwanga unaingia kwa tundu ndogo ukutani. Minyororo imewekwa pale pale juu ya jiwe. Kijana alitutajia idadi ya watu wanaosemekana walibanwa mle, nambari haikunikaa, nilikuwa natazama ile minyororo na kufikiria urefu wake, kwamba ni mfupi, mtu hawezi hata kugeuka.

Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu, wamefungwa shingo kwa shingo. Kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Wifi alikaa ukingoni pale kimya muda mrefu, nami nikamwacha.

Soko lilifungwa 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na kanisa likaanza kujengwa juu ya kiwanja kile kile. Ndani kuna msalaba wa mti uliotoka Chitambo, Zambia, kule ulikozikwa moyo wa Livingstone. Lakini kilichonichekesha ni nguzo. Inasimuliwa kwamba Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha nguzo fulani karibu na mlango kichwa chini, miguu juu. Aliporudi, akasema ziacheni. Zipo mpaka leo, nimezishika.

Sababu ya kutoingia miaka yote? Mama. Tulipokuwa wadogo tukikaribia pale alikuwa akituvuta mkono, "hapo si petu, twende." Basi nikakua nayo hiyo.

Haya, na nyinyi? Semeni ukweli, msinitungie.

Mtoto wa Malindi

Dada umenishika pabaya. Ngome Kongwe mimi naijua kwa sababu moja tu, wakati wa matamasha naingia kutafuta choo. Waomani wameijenga baada ya kuwatimua Wareno, miaka zaidi ya mia tatu imesimama, na mie hata mnara wake mmoja sijapanda.

Fundi Seremala

Mimi mtaani naitwa fundi, milango ndiyo riziki yangu, kwa hiyo siwezi kusema sikuwahi kuitazama. Lakini kutazama na kuona ni mambo mawili.

Nilipata kazi ya kutia kiraka kwenye mlango wa nyumba moja ya wageni huko Shangani. Mgeni wa kizungu akawa anakaa barazani kila asubuhi ananitazama. Siku ya tatu akaniuliza kwa Kiswahili kibovu kidogo: "Kwa nini samaki?" Nikainama. Kwenye fremu chini kabisa, mahali ninapopiga randa, kuna samaki wamechongwa, wadogo, magamba yamehesabika. Miaka ishirini nachonga maua na sikuwahi kujiuliza.

Nikaenda kwa mzee aliyenifundisha kazi. Akasema samaki ni kuomba kizazi, mnyororo unaozunguka fremu ni kuilinda nyumba, mtende ni neema. Na misumari ya shaba ile mikubwa yenye ncha asili yake ni India, huko walikuwa wakiogopa ndovu wasisukume milango. Huku ndovu gani? Ni fahari tu, mwenye nacho amejitangaza.

Ukitaka kuitofautisha kwa haraka: ukikuta juu pamezungushwa upinde, hiyo ni ya mtindo wa Kihindi; juu pakiwa pamenyooka, mara nyingi ni ya Kiarabu. Tazama pia mfaa, ule mti wa katikati unaofunika kiungo cha mbao mbili. Fundi mzuri anamwagia ufundi wake pale. Mpelekeni mgeni asubuhi jua likiwa la upande, nakshi inasimama. Saa sita mchana zote zinaonekana bapa.

Mwalimu wa Amani

Mimi nina huzuni, si kichekesho. Jumba la Beit al-Ajaib niliwahi kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita, zamani kidogo, kabla ya kufungwa. Wenyewe walikuja kwa ajili ya lifti. Waliambiwa hili ndilo jumba la mwanzo huku kwetu kuwa na umeme na lifti, Sultan Barghash kalijenga 1883, basi kila mtoto anataka kuiona, na lifti yenyewe ilikuwa haifanyi kazi.

Chini, pale uwanjani ndani, palikuwa na mtepe. Kile chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, hakina msumari hata mmoja. Mwanafunzi mmoja, mtundu asiyetulia darasani, baba yake mvuvi, alikaa chini akaanza kufuata mshono kwa kidole, ubao kwa ubao. Akaniambia, "Mwalimu, wameanza kushona huku." Sikujua kama ni kweli, nikamwambia vizuri sana.

Tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja wa jumba ukaporomoka wakati wa matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Siku ile nilipita Forodhani, bustani iliyo mbele yake, jioni, vumbi bado lipo juu ya majani. Sasa nikipita nahesabu madirisha yaliyobaki.

Kwa aliye na mgeni: mpeleke Makumbusho ya Kasri, hapo hapo jirani, kama yako wazi. Kuna chumba cha Bi Salme, binti wa Sultan Said, aliyekimbia mwaka 1866, kisha akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani. Na ukiwa nje utazame bahari, ndiko zilikokuwa meli za Kiingereza zilizopiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Vita vile havikufika hata saa moja. Wanafunzi hupenda hapo. Wananiuliza kama kulikuwa na mapumziko.

Kijana wa Tandika

Mimi si mwenyeji, nimekuja na boti kutoka Dar na mchumba. Naomba kutoa malalamiko kidogo, jina la mtu sitaji.

Tulishuka tukapokelewa na papasi mmoja, hao wanaojitolea kuwaongoza wageni, kaka mchangamfu, alitubebea begi bila kuombwa. Usiku tukaenda Forodhani. Meza zimejaa, pweza, ngisi, kamba kochi, taa za karabai. Nikasema weka hiki, weka hiki, kama tajiri. Hesabu ilipokuja, shilingi 60,000. Mchumba akaniangalia mimi, mimi nikaangalia pweza.

Babu Malindi

Pole mwanangu. Uliza bei kabla sahani haijashikwa. Hiyo ndiyo elimu ya Forodhani, nyingine zote ni porojo. Na ukitaka kujua wenyeji wanakula nini, tazama foleni ya urojo, na pale kwenye mashine ya miwa, mwambie atie tangawizi na ndimu. Hutadaiwa 60,000 hata ukinywa mpaka uvimbe.

Halafu nenda mapema, kabla ya magharibi, maji yakiwa yamejaa. Utawaona vijana wanapiga makachu, wanakimbia kutoka mbali wanajirusha ukutani kwenda baharini, mmoja kichwa chini, mmoja anapindua mara mbili. Hiyo ni bure. Mimi mwenyewe niliruka pale, na nina kovu gotini la kuthibitisha.

Kijana wa Tandika

Shikamoo Babu. Makachu niliyaona, ndiyo kitu pekee nilichokula kwa uhakika.

Ukhti wa Mtoni

Marahaba kwa niaba ya Babu, keshalala huyo 😄

Mie ni Changuu, kisiwa kilicho mbele ya mji. Naiona kila siku toka utotoni, ile pale, na sikuwahi kwenda mpaka wapwa zangu walipokuja kutoka Mombasa. Tulichukua mashua ya mashine pale ufukweni, upepo wa kusi ulikuwa umeanza, basi maji yanatupiga usoni na mpwa wa miaka sita anasoma dua zote alizofundishwa chuoni, mpaka ya kulalia.

Kule watu wanasema "kasa, kasa". Si kasa, ni kobe! Kasa ni wa baharini. Hawa wa kwanza waliletwa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na wengine wana umri umeandikwa kwa rangi mgongoni. Tulimkuta mmoja amepita mia moja. Mlinzi akanionyesha kumkuna chini ya shingo, pale penye ngozi laini. Mnyama akasimama taratibu kwa miguu yote minne, akanyoosha shingo mpaka ikawa ndefu kuliko mkono wangu, akafumba macho. Ngozi ni kavu lakini ina joto la jua. Mpwa wangu akauliza, "Khaloo, huyu anajua kama mimi ni mtoto?" Sikuwa na jibu.

Na jela yenyewe ya huko, ile wanayopigia picha wageni, haikufunga wafungwa. Ilijengwa miaka ya 1890, ikaishia kuwa sehemu ya karantini kwa wasafiri waliotiliwa shaka ya homa ya manjano. Mwenye safari atazame kwanza maji na upepo. Kaskazi bahari ni nzuri, kusi ikichafuka acheni ubishi.

Mpemba wa Chake

Nimesoma mpaka hapa nangojea mtu aitaje Pemba. Hakuna! Basi n'naitaja mwenyewe.

Chake Chake tuna ngome yetu, ndani makumbusho. Ukimaliza hapo chukua gari uende Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani. Jina lenyewe maana yake mkamua wanaume, na wazee wanasema aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Alikuwa na wake wawili wasiotaka kuonana, basi kisima kikagawanywa kwa ukuta katikati. Mmoja anateka kwa ndoo na kamba, mwenziwe anashuka kwa ngazi. Maji yale yale.

Mimi nimeishi umbali wa baiskeli kutoka hapo. Nimekwenda siku mkwe wangu alipotoka Unguja na kutaka "kitu cha kuona". Kutazama kisima, akageuka kwa mwanawe: "Umeona? Mimi na shangazi yako tungehitaji ukuta huu tu."

Mtoto wa Malindi

Mpemba umetuua. Kesho napanda mnara wa Ngome.

Binti Kisiwandui

Nimerudi. Nimesoma yote nikajisikia afadhali, si mimi peke yangu.

Jambo moja. Atakayekwenda Mkunazini, Kasri au Changuu achukue kitambulisho chake, maana kiingilio cha mwenyeji si cha mgeni, na mimi kwa buibui yangu na Kiswahili changu bado niliambiwa nithibitishe.

La pili. Jumamosi nilimchukua Mama. Ndiyo, huyo huyo wa kuvuta mkono. Ana miaka 71 na magoti hayampi, kwa hiyo vyumbani chini hakushuka, alisimama juu ya ngazi akatazama, akasoma Fatiha kimya kimya. Kisha nikampeleka kwenye zile nguzo nikamsimulia habari ya mafundi. Akazigusa, akazizunguka, akarudi akazitazama tena toka chini hadi juu.

Akaniambia: "Na mshahara waliwapa?"