Nimeuziwa kadi ya grafiki ya 2011 kwa jina la GTX 1050 Ti, na muuzaji anasingizia pawa saplai yangu!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha. Nimenunua kadi ya grafiki Kariakoo, boksi limeandikwa GTX 1050 Ti 4GB, laki mbili na ushee, hela ya kudunduliza. Windows inaitambua kwa jina hilohilo. Ila gemu la GTA V linakwamakwama hata nikishusha kila kitu hadi chini kabisa, wakati 1050 Ti halisi inaicheza fremu 60 kwa sekunde kwenye 1080p bila shida. Nikiweka draiva mpya (programu ya kuiendesha kadi) ya NVIDIA, wenye chipu hizi za GTX, ndiyo balaa lenyewe: skrini nyeusi, mashine inajizima na kujiwasha.

Nikarudi dukani. "Pawa saplai yako ndogo, bosi." Nikabadilisha. Yaleyale. Mara RAM haitoshi, mara Windows imechakachuliwa. Kila ukienda mteja ndiye mwenye kosa, kadi yao haina doa. Na hiyo ya pawa saplai ni uongo wa mchana kweupe! 1050 Ti inataka wati 75 tu, nyingi hazina hata waya wa ziada, umeme zinaupata kwenye sloti ya mazabodi.

Nikafungua GPU-Z. Programu ya bure, ndogo, ya kusoma taarifa za kadi, na tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018 inazitambua kadi bandia. Mbele ya jina pametokea neno FAKE. Chipu: GF116. Wakuu, hiyo ni chipu ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011! Ni ya nanomita 40 (namba ikiwa ndogo, teknolojia ni mpya zaidi), ina viini 192 vya kuchora picha. 1050 Ti hutumia GP107, nanomita 14, viini 768. Mtu kachukua kadi iliyochoka, kaiandikia BIOS (programu iliyomo ndani ya kadi) ya uongo ili ijitaje kwa jina lisilo lake, kabandika stika, kaitia kwenye boksi jipya linalong'aa. Hata hizo 4GB ni maandishi matupu; gemu ikishavuka memori iliyopo kweli, picha zinachanikachanika na kila kitu kinaganda. Gemu zinazodai Vulkan, mfumo mpya wa kuchora picha, hazifunguki kabisa. Na NVIDIA walishaacha kukitengenezea kizazi hicho draiva za gemu mpya tangu 2018, kwa hiyo hakuna cha kusubiri.

Mnaotaka kununua, geuzeni kadi mtazame matundu. Ukiona lile tundu la VGA la bluu, iache hapohapo. Chipu za Pascal, yaani kizazi cha 1050 Ti, hazitoi VGA. 1050 Ti za kawaida zina HDMI, DisplayPort na DVI.

Kinachonichoma kuliko vyote ni risiti. Wameandika "VGA kadi 1", yaani kadi ya grafiki yoyote ile, basi. Hakuna modeli, hakuna namba, na chini mhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Huyo hakukosea. Mtu anayeficha modeli kwenye risiti anajua vizuri anachouza, na wanaoumia ni wanafunzi na vijana wanaohariri video ili wapate riziki.

Wiki hii naenda Tume ya Ushindani, wanaoshughulikia bidhaa bandia, na kadi, boksi, risiti na picha ya GPU-Z. Aliyenunua kadi mitaa hiyo afungue GPU-Z leo, na ikitokea FAKE aweke picha hapa chini. Nataka niende na nyingi, siyo yangu peke yake.