Tupeane uzoefu: wanajeshi waliokukuta kwenye maafa

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu wa Katesh, Hanang. Kuna kijana wa Jeshi la Wananchi nataka kumshukuru na jina lake silijui, ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Kama na wewe ulifikiwa na wanajeshi wakati wa mafuriko, maporomoko au tetemeko, simulia hapa.

Desemba 3, 2023 ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa kubwa, na asubuhi tukasikia mlima unanguruma. Wapo waliodhani ni volkano. Baadaye wataalamu walieleza kwamba sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikameguka, ikageuka tope na kushuka kwa njia ya Mto Jorodom. Lilishuka na mawe na magogo mazima yenye mizizi. Waliofariki walifika 89. Kati yao nilikuwa na majirani, na mwalimu aliyenifundisha darasa la tatu.

Sisi tulipona kwa sababu mama alituamsha tukakimbia. Tuliporudi, tope lilikuwa limefika usawa wa dirisha. Mama akakaa juu ya tofali nje, chai hataki, kuongea hataki.

Siku ya tatu wanajeshi wakafika mtaani kwetu. Kijana mmoja akaja pale alipo mama, akachuchumaa, akamwamkia. Kisha akauliza, "Mama, humu ndani tuanze na nini?" Hilo swali sitalisahau. Siku zile tulikuwa tumeulizwa mengi: majina, namba ya simu, idadi ya watu kwenye kaya. Yeye aliuliza tuanze na nini.

Mama akajibu neno moja: cherehani.

Wakaingia wanne. Beleshi walitumia mlangoni tu, ndani wakaendelea kwa mikono. Saa nzima na ushee. Cherehani ilipotoka ilikuwa kama gogo la udongo. Yule kijana akavua kofia yake, akaanza kuifuta nayo, gurudumu kwanza, halafu sindano, halafu akazungusha gurudumu taratibu. Likakwama. Akatoa kokoto kwa ncha ya ukucha, akazungusha tena, likazunguka. Mama akalia hapo, mara ya kwanza tangu Jumapili. Kijana akaiweka ukutani juani, akamwambia, "Usiitie mafuta leo mama, iache ikauke kwanza." Wakahamia nyumba ya jirani.

Karibuni wengine.

—

Dereva wa masafa marefu:
Machi 2023 kimbunga Freddy kilinikuta Blantyre, Malawi. Barabara zilikatika, lori halitoki. Nililala kwenye nyumba ya wageni siku kadhaa, hela ikaniishia. Tanzania ikapeleka unga tani 1,000, mablanketi, mahema, na helikopta mbili za jeshi kufikisha chakula kule magari yasikofika. Jioni moja mama mwenye nyumba akaniletea nsima, ugali wa kwao, na maharage. Nikamwambia sina cha kukulipa. Akasema watu wa kwenu wanalisha watu wetu, wewe kula. Mimi sijawahi kuvaa kombati maishani mwangu, lakini siku ile nilishibishwa na waliozivaa.

—

Mzee wa Babati:
Tuwashukuru, ni haki yao. Ila msiwasahau wananchi waliotangulia na majembe Jumapili ile ile, kabla hata gari moja la serikali halijafika. Vijana wa Gendabi na Jorodom walitoa watu kwenye tope wakiwa peku.

—

Mwanzisha uzi:
Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, hata aliyemtoa bibi yetu ni fundi baiskeli.

—

Wa Mai Mahiu:
Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku kwetu Kenya ilikuwa Aprili 29, 2024, alfajiri, maji yalikuwa yamezibwa chini ya reli, yakapasua na kushuka na kila kitu. Tulimtafuta shemeji yangu siku nyingi. Wanajeshi wetu wa KDF walikuwa wanachimba pamoja na vijana wa NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa, na watu wa Msalaba Mwekundu. Kila mwili ukionekana, mashine inazimwa, wote wanasimama, familia inaitwa iangalie. Hakuna aliyetuharakisha. Shemeji tulimzika. Wako jirani zangu ambao mpaka leo hawajapata wa kumzika, kwa hiyo najua tulichopewa.

—

Mke wa askari:
Nimesoma habari ya cherehani mara tatu. Mume wangu ni mwanajeshi, alipelekwa Hanang Desemba ile. Sijui kama ndiye, na nikimuuliza hatasema, si mtu wa kusimulia. Aliporudi alikaa uani na kijiti anajichokoa kucha, tope halitoki. Nikamuuliza, kwani hamkupewa mabeleshi? Akasema yalikuwepo, ila ndani ya nyumba hayatumiki, maana hujui chini kuna nani. Usiku alikuwa anaamka kuangalia kama watoto wamelala. Iliendelea hivyo mpaka karibu Pasaka. Sisi wa nyumbani hatupewi maneno ya kumwambia mtu wa namna hiyo. Asanteni kwa kuandika, leo nitamsomea.

—

Mwanzisha uzi:
Dada yangu, nimeshindwa kujibu jana. Msomee, hata kama siye. Mwambie mama alipata nyumba kule Waret, kati ya zile zilizojengwa na SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa. Cherehani iko sebuleni karibu na dirisha. Gurudumu linakwaruza kidogo, fundi alitaka kulibadilisha, mama amekataa. Januari hii ameshona sketi za shule kumi na nne.