Mjadala: Yoti za matajiri zijaziwe mafuta bila kodi?

Wakuu, nchi ikiambiwa isamehe kodi ili marina yake, yaani bandari ya boti za starehe, ivutie yoti kubwa, ikubali? Nawaletea mfano wa Porto Montenegro, marina iliyoko mjini Tivat, kwenye Ghuba ya Kotor, nchini Montenegro, kusini-mashariki mwa Ulaya.

Pale palikuwa na Arsenal, karakana ya manowari iliyoanzishwa na dola ya Austria-Hungaria mwaka 1889. Mwaka 2006 aliinunua Peter Munk, mwanzilishi wa Barrick Gold, kampuni tunayoijua kwa migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na North Mara. Mafundi wa Arsenal walipoteza ajira, na mahali pao pakajengwa gati zenye nafasi zaidi ya 450. Mwaka 2016 mali yote ikauzwa kwa shirika la uwekezaji la serikali ya Dubai.

Huduma zake nyingi naziunga mkono kwa moyo wote. Maji taka yanafyonzwa gatini badala ya kumwagwa baharini, na ghuba ile imezungukwa na milima, mlango wake wa kutokea baharini ni mwembamba, uchafu hauondoki kwa urahisi. Chombo kikiunganishwa na umeme wa nchi kavu, jenereta inazimwa na jirani analala. Forodha na uhamiaji wapo papo hapo.

Kinachoniuma ni dizeli isiyotozwa kodi inayouziwa yoti pale. Yoti ya mita 70 inaweza kubeba lita zaidi ya laki moja. Dereva wa teksi wa Tivat anajaza lita 40, na kila lita anailipia ushuru.

Watetezi wa msamaha huo wanasema ukiwatoza wenye yoti watakwenda kujaza kwingine, na mji utakosa kazi za mafundi na mahoteli. Hoja hiyo siidharau, maana kazi ni kazi. Lakini anayefuata mafuta rahisi tu ataondoka siku jirani akishusha bei. Na Umoja wa Ulaya, ambao Montenegro inaomba kujiunga nao, katika sheria yake ya kodi za nishati ya mwaka 2003 unasamehe mafuta ya meli za biashara, ila boti za starehe za watu binafsi umezitoa kwenye msamaha huo.

Mimi ningetoza dizeli kodi kamili, kisha nipunguze bei ya umeme wa gatini kwa kila anayezima jenereta.

Mlioko Zanzibar, Mombasa na Muscat, mwekezaji wa marina akija kwenu, msamaha upi mngempa na upi mngemkatalia?