Gumzo la kikundi: Nyumba ya Bibi, Paje, Zanzibar

Shangazi: Asalaam alaykum. Wifi uko? Mwanao nimemwona kwa macho yangu, jua la saa tisa, yumo majini mpaka shingoni.

Mama: Waalaykum salaam wifi. Nimeshaambiwa. Muuza samaki kaniambia, jirani kaniambia, mtoto wa chuoni kaja mbio kunambia. Mwenyewe hata nyumbani hajafika 😂

Shangazi: Unacheka? Ana miaka 12, si mtoto yule.

Ami: Alikuwa peke yake?

Shangazi: Na wenziwe watatu na yule mwalimu wao wa kike wa kuogelea. Kila mmoja kakumbatia dumu tupu la mafuta kama kabeba mwana.

Mamdogo: Kavaa nini?

Shangazi: Suruali, blauzi ya mikono mirefu, na mtandio. Hapo sina neno.

Mamdogo: Sasa neno liko wapi?

Shangazi: Watu watasema.

Mamdogo: Watu gani dada? Mpaka sasa aliyesema ni wewe 🙈

Bibi: Mimi bibi yenu. Mjukuu ananiandikia. Nalima mwani tangu 1990, mwaka mmoja tu baada ya kilimo chenyewe kuanza hapa. Miaka yote hiyo maji yakinifika kifuani narudi. Mwacheni mtoto ajifunze.

Shangazi: Mjukuu gani huyo anayeandika?? Si ndiye mwenye kesi! Anajitetea kwa simu ya bibi yake!

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti 1:12

Mama: Wasio na bando, kasema hivi: "Ni mimi, msinichoshe. Zamani mwani aina ya cottonii tukipanda hapa hapa karibu, na bei yake inaishinda ile aina nyingine, spinosum. Sasa maji yamekuwa moto, inaoza, unakuta kamba tupu. Anayeitaka aifuate kwenye kina, na sisi wanawake wengi hatujui kuogelea. Kuna siku ya bamvua nilikuwa kigingi cha mwisho, nimeinama nafunga taitai, vile vikamba vya kufungia mwani. Maji yakianza kujaa hayapigi hodi. Kuinua kichwa, nilipopita kwa miguu pameshakuwa mkondo. Kanivuta kijana mdogo wa kiume kwa ncha ya kanga. Sikumwambia mtu. Niliogopa watu watasema."

Ami: Mama! Lini hiyo??

Mamdogo: Subhanallah 😳

Bibi: Yameshapita. Wewe ulikuwa hujaanza shule.

Ami: Na siku ile ulirudi umeroa mpaka kichwani ukasema umeteleza…

Bibi: Niliteleza, ndiyo. Nikaendelea kuteleza.

Mama: Shangazi kanyamaza, au bando limekwisha?

Shangazi: Nipo.

Shangazi: Lile dumu lake linaingia maji, nililiona linazama upande mmoja. Ninalo la lita 10, kizibo chake kinabana. Aje alichukue baada ya magharibi.

Bibi: Ahsante shangazi ❤️❤️ nakuja sasa hivi

Shangazi: Nimesema baada ya magharibi. Na simu mrudishie bibi yako.