Yule bwana wa ufukweni AMELAMBA KIDOLE mbele ya watu!!!

Bandugu wa Goma, nimetoka ziwani sasa hivi, suruali mbichi, mkono unatetemeka. Mnamjua. Yule wa miwani myeusi anayekaa langoni kama Ziwa Kivu alilichimba yeye kwa jembe lake. Simtaji.

Maji ya kando yamefanya utando wa kijani, mzito kama sombe, yale majani ya muhogo ya kupikwa. Siku tatu jua kali, upepo hakuna. Jana nilichota kwenye chupa, nikaiacha usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi kijani chote kiko juu, chini maji meupe. Mwani wa kawaida mara nyingi unatuama chini. Unaopanda hivyo mara nyingi njo ule wa sianobakteria, bakteria wa majini wanaoweza kutoa sumu, wana vipovu vya hewa ndani. Si kila utando una sumu, lakini kwa macho huwezi kujua, kwa hiyo unatoa watoto kwanza, kupima baadaye.

Nikampelekea chupa kwa heshima: "Papa, watoto watoke kidogo."

AKACHOVYA KIDOLE. AKALAMBA. Akasema: "Imekosa chumvi."

Ufukwe mzima ukacheka. Nadhani hata volkano yetu Nyiragongo ilitoa moshi wa kicheko.

Kulamba! Pale watu wanaoga, wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, wanajaza bidoni za maji ya kunywa. Msiniambie mtachemsha: moto unaua kipindupindu, hii sumu hauiwezi. Mbwa akiogelea humo kisha akajilamba manyoya, anaweza kufa. Mbwa! Huyu kalamba na akili zake timamu, halafu akapangusa kidole KWENYE SHATI LANGU.

Mutoto wa Birere: Kwa hiyo alilamba? Rudia, sikusikia vizuri.

Mama Sambaza: Mukubwa, tumekimbia lava 2002, tumekimbia lava 2021, mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, tunaishi nayo. Leo unatukimbiza na chupa ya sombe?

Mwenye uzi: Mama, hata mazuku huioni mpaka mbuzi ianguke. Na ALILAMBA.

Chukudu Bila Breki: Huyo huyo alinilipisha pesa ya kuegesha chukudu. Chukudu! Mbao mbili na gurudumu!

Wa Himbi: Afadhali nyie munaona maji, hata ya kijani. Bomba yetu inakohoa hewa tu, lakini faktira ya kulipia maji haikosi njia.

Mama Sambaza: Faktira gani? Niulize sambaza, hawa samaki wadogo wa ziwa. Kikombe ni kile kile, ila kitako wamekigonga kikaingia ndani.

Chukudu Bila Breki: Na juu wanapanga zile kubwa, chini unakuta vichwa.

Mwenye uzi: Na shati langu?

Mutoto wa Birere: Ulifue ziwani.

Wa Himbi: Mama, kikombe leo ni ngapi?

Mama Sambaza: Njoo mwenyewe. Uje na kikombe chako.