Kila mtu alete habari zake za mwaka

JUMANNE

Dada Mkubwa, 19:02
Hamjambo wote, na shikamooni wakubwa. Bibi anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Jumatano ijayo, wanaanza na la kulia. Nataka Jumapili tupige simu ya video sote, kila mmoja amsimulie mwaka wake. Humu ndani mwaka mzima ni "amina" na picha za maua. Nani alijua Baba Mdogo amestaafu?

Dada Mkubwa, 19:04
Andikeni hapa mambo mawili: kilichobadilika maishani, na unachokifanya ukipata nafasi. Nipange nani aanze.

Dada Mkubwa, 19:51
Naona tiki za bluu. Mmesoma.

Binamu, 20:15
Basi naanza mimi. Sigara nimeacha. Na nakimbia. Mwanzoni nilikuwa nakimbia dakika moja, natembea mbili, pumzi hakuna kabisa. Sasa najiandaa na nusu marathoni, kilomita 21.1.

Shemeji, 20:17
Huyu huyu aliyekuwa anangoja lifti kwenda ghorofa ya kwanza? 😂

Binamu, 20:18
Huyo huyo shem. Nzima ni 42.195, hiyo mniache kwanza.

Shemeji, 20:18
Hizo mita 195 za mwisho ndizo zitakumaliza

Binamu, 20:21
Walaumu Waingereza. Urefu huo ulianzia Olimpiki ya London, 1908.

Dada Mkubwa, 20:22
Hongera sana mdogo wangu, hiyo ya sigara tulikuwa tunaiombea. Sasa jamani: nani anampeleka Bibi Jumatano? Anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, lakini lazima awepo mtu mzima wa kumrudisha. Halafu kuna dawa ya matone, kila siku, wiki kadhaa. Haruhusiwi kusugua jicho wala kuinama kuokota kitu. Na Bibi mnamjua, hakai.

Shemeji, 20:23
Binamu ambebe mgongoni, ahesabu mazoezi

Binamu, 20:23
😂😂😂

Mziwanda, 20:24
😂😂 Bibi atamwambia ongeza mwendo

Dada Mkubwa, 20:40
Swali langu bado liko pale pale.

JUMATANO

Baba Mdogo, 05:36
Habari za asubuhi wanangu. Ni kweli nimestaafu. Miezi ya kwanza nilikuwa naamka saa ile ile ya kazi, navaa, nakaa tu. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakosa hata kelele za ofisini. Ndipo nikaanza kuangalia nyota kwa darubini ndogo ya macho mawili, ile ya kushika mkononi. Ukiielekeza kwenye sayari ya Mshtarii, mikono ikitulia, unaona vidoa vidogo vimejipanga mstari mmoja pembeni yake. Ile ni miezi yake minne mikubwa, Galileo aliiona mwaka 1610. Kesho yake ukiangalia tena imehama, kwa sababu ule wa ndani kabisa unamaliza mzunguko wake kwa chini ya siku 2. Nimeegemeza viwiko ukutani ndiyo nikaiona vizuri. Nilimwita mama yenu usiku wa manane, akadhani kuna mwizi.

Binamu, 06:10
Shikamoo Baba Mdogo. Nataka kuiona na mimi.

Baba Mdogo, 06:12
Marahaba. Njoo usiku usio na mawingu.

Mziwanda, 12:47
📷 Picha
Na mimi: nimehamia chumba changu, najitegemea. Na najifunza gitaa! Vidole vimeota sugu, kubadilisha kutoka C kwenda F bado kunanitoa jasho.

Shangazi, 13:30
Hilo gitaa nalijua kwa ule ufa wa ubavuni. Limefikaje kwako?

Mziwanda, 13:32
Shikamoo Shangazi. Baba Mdogo alinipa.

Shangazi, 13:33
Alikupa kama lake?

Baba Mdogo, 13:41
Dada, tusianze.

Shangazi, 13:42
Sijaanza mimi. Yalianza siku ile ya kabati.

Baba Mdogo, 13:44
Kabati nililirudisha.

Shangazi, 13:44
Tupu.

Shemeji, 13:50
Jamani nani ana video ya Binamu akikimbia

Shangazi, 13:58
Na wewe mtoto nisikilize. Hizo nyuzi ulizofunga naona ni za chuma. Gitaa lile ni la nyuzi za nailoni. Chuma inavuta kwa nguvu zaidi, itabandua kile kibao zinapofungiwa, na kikibanduka kinatoka na mbao ya mbele. Legeza leo, usingoje kesho. Baba alinifundisha kulifunga kabla huyo aliyekupa hajajua kutembea.

Mziwanda, 14:20
Nimelegeza zote sita Shangazi. Asante. Sikujua.

Shangazi, 14:31
Sawa mwanangu.

Dada Mkubwa, 18:00
Shangazi, na wewe mwaka wako? Mambo mawili.

Shangazi, 18:25
Jambo langu mnalijua, mlikuwepo msibani. Usiku ule mrefu ndio ulionirudisha kwenye kroshia aliyonifundisha Mama. Nafuma shuka la kitanda. Nikikosea mshono mmoja nafumua mstari mzima, na sioni uchungu. Mikono ina kazi, kichwa kinapumzika.

Ujumbe huu umefutwa

Dada Mkubwa, 18:27
Pole Shangazi. Tuko nawe.

Shemeji, 18:45
Na wewe shem, mambo yako mawili? Unatuhoji tu.

ALHAMISI

Bibi, 09:14
🎤 Ujumbe wa sauti 1:52

Binamu, 09:20
Niko kwenye basi, siwezi kusikiliza. Kasemaje?

Mziwanda, 09:33
Naandika kama alivyosema: "Nimesomewa maneno yenu. Marehemu hakumwachia mtu gitaa. Aliondoka hajasema, na mimi nikanyamaza, ndiyo maana mnagombana. Sasa nasema. Likae kwa anayelipiga. Binti yangu amfundishe huyo mtoto kulifunga. La kabati mtakuja wote wawili, mnieleze mimi, si huko mlikojaa. Na hiyo simu ya kuonana, mtaonana nyinyi. Mimi naona ukungu. Ingojeni mpaka jicho lipone, nizione nyuso zenu."

Baba Mdogo, 10:05
Nimesikia, Mama.

Shangazi, 11:48
Nimesikia.

Dada Mkubwa, 13:10
Bibi, tumekusikia. Ila ninachotaka ni utusikie kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Jumapili tupige ya sauti tu? Ya video tutapiga jicho likipona.

Dada Mkubwa, 16:30
Jamani?

Kaka, 22:56
Samahanini, nachelewa kujibu. Kazi yangu iliisha mwezi wa 3. Sikusema, kila nikifungua humu nakuta mtu anapongezwa, nafunga. Nilikuwa na saa ya mkono ya zamani iliyokufa, nikaifungua ili nisikae bure. Sasa watu wananiletea zao. Saa nyingi za aina ile zinapiga mara 18,000 kwa saa moja. Ukiweka sikio unajua kama kuna vumbi kabla hujaifungua. Fedha yake ni ndogo, lakini siku inapita vizuri. Jumatano nina nafasi. Nitampeleka Bibi na kumrudisha.

Baba Mdogo, 22:58
Mwanangu. Kwa nini hukuja kwangu? Mimi nilikuwa nimekaa tu.

Dada Mkubwa, 22:59
Mwezi wa 3, mdogo wangu? Pokea simu, nakupigia.

Binamu, 23:04
Kaka pole. Na hongera ya saa. Yangu imekwama tangu mwaka juzi nitaileta 🙏

IJUMAA

Dada Mkubwa, 07:15
Jumatano ni Kaka. Matone: wiki ya kwanza Shangazi, ya pili mimi, ya tatu na kuendelea sina mtu. Jumapili saa 10 simu ya sauti, Bibi bado hajajibu kama anakubali.

Binamu, 07:40
Saa 10 jioni? Asubuhi nina kilomita 15

Shemeji, 07:41
Shem, mambo yako mawili bado tunayangoja

Dada Mkubwa, 07:52
Saa 10 jioni, ndiyo. Wiki ya tatu nani?